Tulimwondoa mwenzetu kwa sababu ya siasa, mama yake akafariki bila sisi kujua

Katibu wa Kundi (Unguja) ameuliza:

Assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote. Naomba ushauri wa watu waliowahi kusimamia kundi kubwa la mtandaoni lenye wanachama wa vyama tofauti ambao hawawezi kukwepana, kwa kuwa limetufika jambo ambalo hii ni wiki ya pili linaninyima usingizi.

Sisi ni watu 214 tuliosoma sekondari moja hapa Unguja, na kundi letu la WhatsApp halikuanzishwa kwa ajili ya soga. Lilianzishwa mwaka 2017, baada ya mwenzetu mmoja kufariki Dar es Salaam na maiti yake kuchelewa kuvushwa, kwani hapakuwa na mtu wa kukusanya fedha kwa haraka. Tangu hapo kila mwanachama hutoa shilingi 10,000 kwa mwezi, walioko Muscat na London huongeza kwa hiari yao, na mmoja wetu akifikwa na msiba au akilazwa hospitali, fedha humfikia kabla ya jua kuchwa. Wasimamizi tuko watatu. Sharti letu la mazungumzo lilikuwa mstari mmoja tu, "Siasa hairuhusiwi", na lilifanya kazi vizuri miaka yote isipokuwa misimu ya uchaguzi, yaani lilifanya kazi wakati ambapo halikuhitajika.

Katika kampeni zilizopita mwenzetu mmoja, fundi wa majokofu, mtu mpole ambaye kwa kawaida huandika "Amin" na "Hongera" tu, aliandika ujumbe mrefu saa tano ya usiku. Alimwita mwanachama mwenzake kibaraka, akaitaja na familia yake. Nilimwondoa hapo hapo, na wasimamizi wenzangu wakaniwekea alama ya dole gumba. Asubuhi yake hakuna hata mmoja wetu aliyempigia simu.

Wiki tano baadaye mama yake alifariki, mitaa mitatu tu kutoka ninapokaa. Sisi ambao hukodi daladala nzima kwenda kuzika, tulipata habari siku ya hitma. Baadaye nikaja kujua kwamba wanachama wanne walihudhuria maziko, lakini hawakuandika lolote kundini, kwa sababu, kama alivyonieleza mmoja wao, walidhani hatutaki kulisikia jina lake.

Je, tufunge kabisa mazungumzo, au turuhusu siasa kwa masharti? Na yule tuliyemwondoa tumrudishe kwa njia gani?

Mzee wa Baraza (Mji Mkongwe) amejibu:

Wa alaykum salaam, mwanangu. Mwaka 1961 nilikuwa na miaka saba. Duka la jirani yetu lilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni, lakini bibi yangu alinituma sukari kwenye duka lililokuwa mtaa wa pili, kwa sababu jirani alikuwa wa chama cha Hizbu na sisi tulikuwa wa chama pinzani cha Afro-Shirazi. Nilipita mbele ya duka lake nikiwa na kikapu, naye akinitazama bila kusema neno. Juni ya mwaka ule zilizuka ghasia za uchaguzi wakafa watu 68, na watu wengi huzihesabu zama zile kwa vifo hivyo. Mimi nazihesabu kwa kile kikapu, kwa kuwa ususaji ulianza mapema kuliko mapanga, na uliingia dukani, kwenye basi, kisimani na mwishowe makaburini.

Mambo hayo yalirudi baada ya uchaguzi wa 1995, hasa Pemba, ambako kulikuwa na watu walioacha kuzikana. Ndiyo maana sikushangaa kusoma habari yako, ila nimesikitika kwamba safari hii mmesusa bila hata kukusudia.

Nataka nikuoneshe jambo moja kuhusu mabaraza yetu. Hapa mjini watu wa chama tawala walikuwa na maskani yao ya Kisonge pale Michenzani, pamoja na ule ubao wao unaoandikwa vijembe kwa chaki, na wapinzani walikuwa na Jaws Corner, wanakunywa kahawa na kuchambua kila neno lililotoka serikalini. Maneno yaliyosemwa kila upande hayakuwa ya kistaarabu hata kidogo. Lakini yalikuwa na mahali pake: aliyetaka kuyasikia aliyafuata, na asiyetaka alipita njia nyingine. Halafu wote hao walikutana sokoni, msikitini na kwenye jeneza, na huko kulikuwa na adabu nyingine kabisa. Nyinyi mmeiweka Kisonge, mkaiweka Jaws Corner, mkaliweka na jeneza, vyote kwenye kibao kimoja cha kukalia, kisha mkaandika juu yake kwamba watu wasizungumze siasa. Hilo haliwezekani kwa Wazanzibari.

Ushauri wangu ni kwamba mtenganishe. Muwe na kundi la taarifa za misiba, ugonjwa na michango, ambalo mwanachama hatolewi kwa kosa lolote la maneno maadamu yu hai na anatoa mchango wake, na huko waandike wasimamizi peke yao. Muwe na jingine la baraza, mtu aingie kwa hiari yake, na huko ndiko mnakoweza kumpumzisha mtu wiki moja au mbili. Aliyevuka mipaka barazani apoteze baraza tu. Msiba usimponyoke.

Na nina swali. Huyo fundi alikuwa anamjibu nani?

Mkulima wa Njoro (Kenya) amejibu:

Habari zenu. Pole sana kwa mtoa mada, na pole zimfikie huyo ndugu aliyefiwa na mamake.

Nasimamia kundi la wakulima wadogo wa mahindi na viazi hapa kaunti ya Nakuru, na nitaeleza kosa letu ili msilirudie. Eneo letu liliumia sana katika vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007, ambazo kwa hesabu ya Tume ya Waki ziliua watu 1,133, na tunakumbuka jinsi jumbe fupi za simu zilivyopita mkono kwa mkono zikitaja makabila. Kutokana na maafa hayo ilitungwa Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008, ambayo kifungu chake cha 13 kinamtia hatiani anayechochea chuki ya kikabila, na adhabu yake inafika faini ya shilingi milioni moja au kifungo cha miaka mitatu, au vyote viwili. Katiba ya 2010 nayo, katika ibara ya 33, inalinda uhuru wa kujieleza lakini haiulindi uchochezi wa vita, wa ghasia wala matamshi ya chuki. Kwa hiyo mimi kama msimamizi sikuwa na nafasi ya kusema kwamba hayanihusu.

Mwezi Aprili 2022 tume inayosimamia sheria hiyo ilipotoa orodha ya maneno ya hatari, yakiwemo "madoadoa" na "kwekwe", tuliichukua kama ilivyo na kuamua kwamba kila atakayeyaandika, ujumbe wake unafutwa. "Madoadoa" mnalielewa: ni mabaka ya ng'ombe, lakini katika Bonde la Ufa limetumika kwa miaka mingi kumaanisha jirani wa kabila lingine anayefaa kuondolewa ili eneo libaki rangi moja. "Kwekwe" ni magugu, na maana yake ya pili ni hiyo hiyo.

Sasa fikirieni kundi la wakulima linalofuta neno kwekwe. Mama mmoja aliuliza, mwezi wa palizi, ni dawa gani inaua kwekwe bila kuchoma mahindi machanga. Msimamizi mwenzangu akaufuta ujumbe. Mama akauliza tena, ukafutwa tena. Mara ya tatu alituma picha ya shamba lake pamoja na ujumbe wa sauti, akitaka kujua ni nani hasa katika kundi hili anayelinda magugu. Tulicheka wiki nzima, lakini wiki hiyo hiyo kuna mtu alikuwa ameandika, kwa lugha safi kabisa isiyo na neno hata moja la ile orodha, kwamba "wageni wetu wajiandae kufunga mizigo mapema mwaka huu", na hakuna aliyeugusa ujumbe wake.

Tangu hapo hatutazami neno peke yake. Tunauliza ujumbe unamlenga nani na unataka atendewe nini. Anayesema gavana ameshindwa kazi, hata akilisema kwa ukali wa kuchosha, tunamwacha. Anayesema watu fulani si wa hapa, tunaufuta ujumbe wake mara moja na kumpigia simu mchana huo huo, na mpigaji wa simu huwa ni mtu wa kabila lake au chama chake. Hilo la mwisho tulilipata kwa kubahatisha na ndilo limetufaa kuliko yote, maana onyo la mtu wa upande mwingine huonekana shambulio hata likisemwa kwa upole.

Bint Wete (Muscat) amejibu:

Nimesoma majibu yote kwa makini, na namheshimu Mzee kwa umri na kumbukumbu zake, lakini nina neno ambalo halitafurahisha.

Mimi ni Mpemba, na ninapolisikia neno "uvumilivu" hutaka kwanza kujua nani anaombwa avumilie. Uchaguzi wa Zanzibar wa Oktoba 2015 ulifutwa na mwenyekiti wa tume, ukarudiwa Machi 2016 huku chama kikuu cha upinzani kikiususia, kisha watu wetu wakaambiwa wawe wavumilivu. Mwezi Agosti mwaka ule, kwenye mazishi ya Rais mstaafu Aboud Jumbe, kiongozi wa upinzani, Maalim Seif Sharif Hamad, alikataa kuupokea mkono wa Rais wa Zanzibar, Dk. Shein, na nchi nzima ikalijadili lile tendo la sekunde mbili kwa uzito kuliko uchaguzi wenyewe uliolizaa. Sisemi kwamba kukataa mkono msibani ni jambo zuri. Ninachosema ni kwamba anayetazama mkono tu, asitazame kilichotangulia, hawezi kuwa mwamuzi wa mtu yeyote.

Nirudi kundini kwenu. Sharti la "Siasa hairuhusiwi" linaonekana kama halina upande, ila katika makundi niliyokaa limekuwa na upande siku zote. Akipandisha mtu picha ya barabara mpya yenye sura ya kiongozi na maneno "Kazi iendelee", hiyo huitwa habari za maendeleo na watu huweka makofi. Akiuliza mwingine kwa nini ndugu zake watatu hawakupata kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na kwa hiyo hawakuandikishwa kupiga kura, hiyo huitwa siasa na hufutwa. Kumsifu aliyeko madarakani hakuonekani kuwa siasa kwa macho ya anayemsifu. Kwa hiyo Katibu, kabla hatujakushauri lolote, tuambie: nyinyi wasimamizi watatu mnapiga kura wapi? Sitaki majina ya vyama. Nataka kujua kama ni chama kimoja.

Na ninaunga mkono swali la Mzee, ambalo naona limepitwa kimya. Alikuwa anamjibu nani?

Mzee wa Baraza ameongeza:

Bint Wete, umesema kweli na sina pa kukupinga, ila niongeze kipande kimoja, kwa kuwa mimi niliyaona hayo kwa macho yangu. Maalim huyo huyo aliyeukataa mkono mwaka 2016 aliwahi kuutoa mkono wake kwa watu wa upande ule ule. Novemba 5, 2009 Maalim Seif alikwenda Ikulu kuonana na Rais Amani Karume, bila msuluhishi wa kutoka nje, na Julai 31, 2010 asilimia 66.4 ya wapiga kura wakaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Mwaka ule nilikunywa kahawa na watu ambao sikuwa nimesalimiana nao tangu 1995. Halafu Desemba 2020, baada ya yote yaliyotokea, Maalim akakubali tena kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais, akafariki Februari 17, 2021 akiwa katika kiti hicho. Wapo waliomlaumu kwa kukubali, na wapo katika ukoo wangu. Mimi naona alikuwa na haki zote mbili, ya kuunyima mkono na ya kuutoa. Wala kule kuunyima hakukumfanya afukuzwe nchini.

Fundi Simu (Tanga) amejibu:

Wazee wamesema mengi, mimi nichangie ya mikono tu.

Tangu 2018 WhatsApp inaruhusu kuweka kundi katika hali ya wasimamizi kuandika peke yao, kwa hiyo kundi la misiba alilolipendekeza Mzee linawezekana leo hii. Tangu 2022 msimamizi anaweza kufuta ujumbe wa mwanachama kwa watu wote, na kundi zima litaona jina la aliyefuta, jambo ambalo mimi naliona jema, kwani anayefuta hulazimika kusimama na uamuzi wake. Maana yake ni kwamba kumwondoa mtu si njia pekee mliyonayo. Mnaweza kuuondoa ujumbe, mtu akabaki.

Chungeni pia jumbe zenye mishale miwili, yaani zilizokwisha kusambazwa mara nyingi. Kampuni yenyewe tangu Aprili 2020 imezuia ujumbe wa aina hiyo kupelekwa kwenye zaidi ya mazungumzo mamoja kwa mpigo. Kwenye kundi letu la mtaa tuliamua jumbe za mishale miwili zisiingie kabisa wakati wa kampeni, ziwe za chama chochote, hata za dawa ya kisukari. Anayetaka kubishana abishane kwa maneno yake mwenyewe. Ugomvi haukuisha, lakini angalau tuligombana sisi kwa sisi, si na watu tusiowajua waliotengeneza video Dodoma au sijui wapi.

Jambo la mwisho ni kuhusu usiku. Ujumbe wa saa tano uachwe hadi asubuhi uamuliwe na watu wawili, isipokuwa kama una kitisho cha kumdhuru mtu.

Katibu wa Kundi amerejea:

Nawashukuru sana, na naomba radhi kwa kukaa kimya siku nne. Swali la Mzee na la Bint Wete nililiona siku ile ile; sikuwa na jibu la kuandika.

Ni kweli, Bint Wete. Sisi wasimamizi watatu tunapiga kura chama kimoja, na katika miaka yote hiyo halikuwahi kutupitikia kwamba hilo ni jambo. Tuliteuana kwa sababu tulikuwa tunakaa karibu na tunaaminiana fedha. Juzi tumemwongeza msimamizi wa nne, mwalimu wa upande mwingine, ambaye alitupa sharti moja kabla ya kukubali: ujumbe wa mtu wa upande wetu ufutwe na sisi, na wa upande wao aufute yeye. Tulikubali. Kundi la misiba limefunguliwa, na wanachama wote 215 wamo, kwa maana fundi naye tumemhesabu.

Jana baada ya Alasiri tulikwenda kwake, mimi na mwalimu. Alitupokea kama ambavyo angepokea mtu yeyote. Mke wake alileta kahawa na kashata, naye akatueleza ugonjwa wa mama yake kutoka mwanzo hadi mwisho, pamoja na ile siku ya hospitali ya Mnazi Mmoja ambapo alikosa damu ya kumwongezea na akasimama kwenye veranda akifikiri ni nani wa kumpigia. Kundi lilikuwa na watu zaidi ya mia mbili na wengi wao wanaishi mjini hapa. Hakulisema hilo, nimelisema mimi. Nilimwomba radhi, naye akasema yeye pia aliitaja familia ya mtu na haikuwa haki yake, na kwamba ameshakwenda kumwomba msamaha mwenye familia, mwezi uliopita, bila ya sisi kujua.

Tulipoinuka kuaga aliniuliza swali moja, kwa sauti ya kawaida kabisa. Aliuliza kama ile picha bado ipo.

Sikumbuki kuiona picha. Nilifungua simu pale pale mlangoni, mwalimu akiwa pembeni yangu, nikapandisha mazungumzo hadi usiku ule. Dakika ishirini kabla ya ujumbe wake kulikuwa na picha iliyotengenezwa, sura ya mgombea wao imebandikwa kwenye mwili wa mbwa, na chini yake maneno kuhusu Wapemba ambayo sitayarudia hapa. Ilikuwa na makofi kumi na moja, moja likiwa langu. Ilikuwa bado ipo.